Sema "Mimi"

"Rudia," mfamasia mkuu alisema. "Na safari hii usiongee na viatu vyangu."

Msaidizi wake akainua uso. Kwenye kioo kidogo juu ya sinki la kunawia mikono aliyaona macho yake mwenyewe, yamemtoka kama ya mtu aliyefumaniwa.

"Mimi ni mtu wa maana. Kazi yangu naijua."

"Sikusikii."

"Kazi yangu naijua!"

Ndivyo asubuhi zao zilivyoanza kwa wiki tatu, kabla wagonjwa hawajajipanga dirishani. Hospitali nzima ilimwita msaidizi huyo Samahani, maana hakuwa na sentensi asiyoianza kwa neno hilo. Shangazi aliyemlea alizoea kusema mbele ya wageni kwamba huyu ni wa kufagia tu, wenye akili ni wale wengine. Alisoma, akafaulu, akaajiriwa, lakini sauti ya shangazi alihama nayo. Miaka saba alichanganya dawa za maji za watoto na kubandika karatasi kwenye chupa, na hakuna aliyewahi kumwuliza lolote.

Sasa mkuu mwenyewe, mtu ambaye hata salamu aliitikia kwa kidevu, alikuwa anampa muda wake.

"Neno moja tu linakuangusha," alimwambia. "Kila siku 'tulipima', 'tulichanganya'. Hiyo 'tu' ni ya nani? Wewe huna mikono? Sema 'mimi'. Ijumaa wanakuja watu wa bodi, wanataka kujua nani hasa anafanya kazi humu ndani. Ukijificha mgongoni kwangu, nitakusaidiaje?"

Jioni msaidizi alijizoeza nyumbani huku akikata vitunguu. Mumewe alicheka siku mbili za kwanza, kisha akaacha. "Mke wangu," alisema, "siku hizi hata shingo imenyooka." Alhamisi shangazi alipopiga simu na kuanza yale yale, alimjibu, "Shangazi, mimi si wa kufagia," akakata. Akarudi kwenye vitunguu vyake akiimba.

Ijumaa aliingia chumba cha mikutano na koti jeupe lililopigwa pasi mara mbili. Kulikuwa na wanaume watatu wenye mafaili, na mwishoni mwa meza mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, asiye na kalamu wala karatasi. Mkuu alikaa pembeni, karibu na dirisha.

"Dawa za maji za watoto anachanganya nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi."

"Nani anakusimamia?"

"Sihitaji kusimamiwa. Kazi yangu naijua."

Yule mwanamke akainua kichwa. Msaidizi akafurahi kwamba amemvutia walau mmoja, akamgeukia yeye hasa. Akaeleza anavyopima, anavyokoroga, anavyoandika. Hakusema samahani hata mara moja.

"Na ile dawa ya degedege ya Jumanne, mwanzoni mwa mwezi uliopita?" mwenyekiti aliuliza.

Jumanne ile aliikumbuka vizuri. Mkuu alikuwa na haraka, simu kaibana begani, akamsogeza kando na kupima mwenyewe. Yeye alibandika karatasi tu. Ile "tu" ya "tulipima" ikamjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama mkuu. Mkuu alikuwa anamtabasamia, kama baba anayemtazama mwanawe akipiga hatua ya kwanza.

"Mimi," alisema. "Niliipima mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Peke yangu."

Mkuu akashusha pumzi. Mwenyekiti akaandika mistari michache, akamsogezea karatasi. Msaidizi akatia sahihi kubwa, yenye mkia, ambayo hakuwahi kuthubutu kuitia popote.

Yule mwanamke akainuka, akaizunguka meza taratibu, akasimama mbele yake. Msaidizi akanyoosha mkono kupokea pongezi.

"Mwanangu alikuwa na miaka minne," mwanamke alisema. "Nilimpa kijiko kimoja tu."