Mhadhara kwa Ukuta

Niliingia ukumbini, nikaketi benchi la mbele na kukunja mikono kwa unyenyekevu wa askofu.

Crispin, mwanafunzi mkongwe aliyekuwa akihutubu mimbarini, alikatiza sentensi yake. Kanuni za chuo chetu zilimtaka kila anayewania shahada ya uzamili atoe mihadhara sita, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kusikiliza, wote waliuhutubia ukuta. Huu ulikuwa wake wa mwisho, na saa ya mchanga ilikaribia kwisha. Ila msikilizaji akitokea, ana haki ya swali moja. Lisipojibiwa, mihadhara yote hurudiwa mwakani.

"Toka, dogo."

"Nimekuja kuelimika, mwalimu."

"Nina miaka saba hapa. Wewe una wiki ngapi?"

"Tatu."

Aliketi kwenye ngazi ya mimbari. Soli ya kiatu chake ilikuwa imefungwa kwa kamba, na kamba yenyewe ilikuwa na mafundo manne.

"Haya, uliza yaishe," alisema, akafumba macho.

Nilikuwa nimeandaa swali la Kigiriki la kumzika. Nikaitazama karatasi aliyokuwa akiusomea ukuta. Ilikuwa orodha ya nguo za kufuliwa.

"Mwalimu," niliuliza, "soksi ni jozi ngapi?"

Crispin hakufumbua macho.

"Mbili," alisema. "Moja ni ya kuazima."