Kilomita Moja Juu

Bi Darubini alikwenda kushoto, Mkurugenzi naye kushoto. Akahamia kulia, Mkurugenzi huyo naye kulia. Wakapigana kumbo katikati ya korido. Chai ya bosi ikamwagika, kikombe kikaenda vipande vipande.

"Siku nyingine mmoja wetu asimame, Bi Darubini," Mkurugenzi alisema, akipangusa tai yake.

Jina hilo la utani alipewa kazini, maana miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa moja tu: kufuatilia kila kitu kinachozunguka angani juu ya vichwa vya watu. Siku zote alikuwa mwepesi wa kucheka. Leo hakucheka. Alimnyoshea bosi karatasi ya hesabu.

"Bosi, setilaiti yetu itagongwa. Leo hii, saa kumi na dakika tano alasiri. Ya nchi jirani inakuja kuikatia njia. Zitapishana kwa mita thelathini, kama zitapishana."

Nchi nzima ilikuwa na setilaiti hiyo moja. Ndiyo iliyoutazama mto kule milimani ukianza kufura, watu wa bondeni wakaambiwa wakimbie. Mwaka jana iliwapa saa tatu. Ndani ya saa hizo mdogo wake Bi Darubini aliwabeba mapacha wake, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akapanda mlima. Nyumba hakuiona tena. Sasa mvua zilikuwa zimerudi, na mdogo mtu alikuwa amejenga palepale. Mbishi kama nini!

"Hatusogei," Mkurugenzi alisema. "Mafuta yaliyobaki ni ya kuishusha siku ikifa, tusije tukaacha takataka angani. Si ndivyo ulivyoandika mwenyewe?"

Ndivyo alivyoandika, kweli, katika Mpango wa Taifa wa Anga. Kurasa tisini, na mwezi wa kumi na moja huu zilikuwa zimelala mezani kwa bosi zikingoja saini. Ukurasa wa arobaini ulisema asisogee mtu kabla ya kupigiana simu na jirani. Simu gani? Hata namba yao hawakuwa nayo. Waliandikiana barua pepe, na bila saini ya Mkurugenzi hata salamu haikutoka ofisini mle.

"Waandikie hivyohivyo," Mkurugenzi alisema. "Sisi hatusogei. Wao wafanye watakavyo."

Saa nne na robo barua ikaenda. Jirani hawakujibu. Kimya kingi kina mshindo, Bi Darubini aliwaza, akazirudia hesabu zake kwa mara ya tatu. Mita thelathini zikawa ishirini na mbili.

Saa saba simu yake ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, mto umebadilika rangi. Huko mnaona nini?"

"Picha za asubuhi hazikuonyesha kitu. Nyingine zitakuja usiku. Usiiache simu mbali."

"Nakutegemea wewe, dada. Mapacha wamekuwa wazito. Siwezi tena kuwabeba wote wawili."

Bi Darubini aliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Akiogopa alikuwa hachagui maneno.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, bosi, na ukuta huu matofali yake hatuna. Zikigongana, vipande maelfu vitazunguka huko mpaka wajukuu zetu wazeeke. Na mto utawakuta watu vitandani. Nipe saini nisogeze, au nipe barua ya kunifukuza!"

Mkurugenzi alichomoa kalamu.

"Heri nusu shari," alisema mwishowe. Akatia saini amri ya kusogeza, akafunga kalamu, akaenda zake kwenye mkutano wa wizara, ule ambao simu huachwa mlangoni.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Saa nane na nusu setilaiti ingepita juu ya antena yao kwa dakika tisa tu, kisha isingesikia neno lao tena mpaka usiku. Bi Darubini alishuka ngazi mbio, viatu mkononi. Njia ya chini ilikuwa imejaa mabaki ya roketi za watu. Nafasi ilikuwa upande mmoja tu.

"Kilomita moja juu," alimwambia fundi wa antena.

Fundi akatuma amri. Wakasubiri.

"Imekubali, dada! Inapanda!"

Bi Darubini alikaa sakafuni akalia bila aibu, na fundi akamcheka mpaka naye machozi yakamtoka. Kisha Bi Darubini akampigia mdogo wake.

"Tulia, mama. Yule mlinzi wenu yuko salama. Usiku nitakupigia nikuambie alichokiona."

Saa kumi kasoro robo kompyuta ililia. Jirani walikuwa wamejibu, na kwa adabu zote:

"Samahani kwa kuchelewa. Barua yenu ya asubuhi tumeipata na tumeizingatia. Kwa kuwa ninyi hamsogei, tumesogea sisi. Chini hapakuwa na nafasi, kwa hiyo tumepanda kilomita moja juu."