Pampasi za Duka Letu

Hadia alishuka kwenye bodaboda kijijini Kabungu, mtoto mgongoni, mkononi ameshika pampasi iliyotumika, imefungwa ndani ya gazeti. Njia nzima dereva alikuwa akinusanusa na kujizuia kuuliza. Hadia naye hakuona haja ya kumweleza. Mzigo ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Sabrina, mke mwenzake.

Pampasi ilikuwa ya duka lao la Mpanda mjini. Bashiru, mume wa wote wawili, alizinunua kwa belo zikiwa hazina jina, akazipanga kumi kumi kwenye mifuko ya nailoni na kubandika karatasi yenye jina la duka. Bei yake ilikuwa nusu ya zile za katoni zenye picha ya mtoto anayecheka. Kwa mchana zinafaa sana. Usiku ndio mtihani.

"Na sisi tutamvalisha mtoto hizihizi," Bashiru alimwambia Hadia siku ile binti yao Mwanaiddi alipozaliwa. "Sisi ndio wenye duka, Mama Mwanaiddi. Tukivalisha za wenzetu, nani atanunua zetu? Na tunachookoa ni cha watoto wote, wa nyumba zote mbili."

Hadia alimwelewa. Duka lenyewe lilisimama kwa fedha ya cherehani yake aliyoiuza. Mteja akisitasita, akauliza kama na yeye anazitumia, Hadia alifunua gauni la mtoto palepale kaunta na kumwonyesha. Aliuza sana kwa mtindo huo. Mwanaiddi akitoka vipele, alimpaka mafuta ya nazi na kunyamaza. Mfinyanzi hulia gaeni, alijisemea, akafua mashuka.

Kisha akaanza kuiona katoni. Kila Alhamisi, Bashiru akienda kulala kwa Sabrina, alifunga nyuma ya pikipiki katoni moja ya zile za picha pamoja na kopo kubwa la maziwa ya unga, akafunika na turubai. Ijumaa jioni alirudi mikono mitupu. Hadia alipouliza, aliambiwa ni oda ya mteja. Mteja gani huyo anayepelekewa mzigo na mwenye duka mwenyewe, kila wiki, kwa njia ileile ya kwa mke mdogo?

Uke wenza alikwishaumeza. Sabrina alipoolewa Hadia alilia, akachoka kulia, akazoea. Dini imeruhusu, na Bashiru aliahidi mbele ya shehe kwamba atawatendea sawa. Kilichomuuma sasa ni kuambiwa tubane matumizi sote, kumbe anayebanwa ni yeye peke yake, na mwanawe ndiye anayelala kwenye maji. Alijiona mjinga wa mji mzima. Wateja wote wale aliwaonyesha makalio ya mwanawe kwa ajili ya mtu wa namna hii.

Leo asubuhi Bashiru alipofungua duka, Hadia alisema anampeleka mtoto kliniki. Alikuwa amekata shauri. Ataiona hiyo katoni kwa macho yake, atamwekea Sabrina pampasi hii miguuni, kisha atakwenda moja kwa moja kwa shehe kudai talaka na fedha ya cherehani yake.

Hakuwahi kufika kwa Sabrina. Bashiru alimkanya tangu mwanzo: "Yule usimsogelee, ana mdomo."

Mwenye mdomo alikuwa uani anapepeta mchele. Alipomwona mgeni aliinuka haraka. Walikuwa wameonana mara moja tu, msibani.

"Shikamoo, dada."

Hadia hakuitikia. "Nionyeshe katoni."

"Katoni gani?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Zile pampasi za Alhamisi."

Sabrina aliweka ungo chini. Alimtazama Hadia, akalitazama gazeti, kisha akasogea nyuma yake na bila kuomba ruhusa akafunua gauni la Mwanaiddi. Aliporudi mbele, hasira aliyokuwa ameanza kuikusanya usoni ilikuwa imeondoka.

"Kumbe na wewe," alisema.

Alikwenda mkekani, akamwinua mwanawe Feisal. Mtoto alikuwa amevaa pampasi ya duka, imezungushiwa kipande cha kanga kiunoni ili isivuje. Kwenye mapaja alikuwa na vipele vilevile, vimepakwa mafuta yaleyale.

"Nilikuwa nimepanga nije mjini nikuulize," Sabrina alisema. "Kwa nini wangu alale na maji, wako avae za katoni. Bashiru akanikataza. Alisema wewe una mdomo."

"Katoni inaletwa huku. Naiona ikifungwa."

"Inafika, ndiyo. Inalala hapo, juu ya pikipiki, na maziwa yake. Nimekatazwa kuigusa, eti ni ya Mwanaiddi. Kanunua huku barabarani kwa bei nafuu, anakupelekea." Sabrina alimkalisha Feisal kiunoni. "Ijumaa akishaswali alfajiri anaondoka nayo. Anasema anapita Mishamo kwanza kuangalia maharage, jioni ndio anakufikishia."

Hadia aliketi kwenye mkeka bila kukaribishwa. Gazeti lilikuwa bado mkononi.

"Ijumaa anarudi mikono mitupu," alisema. "Hata maharage haji nayo."

Wanawake wale wawili walitazamana.

"Dada," Sabrina aliuliza taratibu, "Mishamo tuna nani?"