Chumba cha Uani

"Kipimajoto changu kiko wapi?" Mratibu aliuliza, na darasa zima likajua kwamba leo kuna mtu atakiona cha mtema kuni.

Kiherehere akasimama. Wenzake walimbandika jina hilo tangu wiki ya kwanza kwa sababu binti huyu hakuwa na breki. Akiona mlango uko wazi, anaingia.

"Nimekitundika kwa bibi mmoja, Madam. Mtaa wa juu."

"Mtaa wa juu nani kakutuma?"

Hakuna aliyemtuma. Programu ya tabianchi na afya ilikuwa na mitaa yake, yote kule bondeni, na kila mwanafunzi aliyechaguliwa alipewa wazee wake wa kuwapimia joto la vyumbani. Chumba kikizidi kiwango, mzee anahamishiwa ukumbi wa chuo wenye viyoyozi mpaka joto kali lipite. Rahisi kuisema. Kuianzisha, Mratibu alitoka jasho la damu. Miaka miwili mizima alipanda na kushuka ngazi za utawala, akiulizwa na watu wenye suti eti hali ya hewa inahusiana vipi na afya, huku wanajipepea kwa karatasi za maombi yake. Alikosa harusi, alikosa sikukuu, alikosa usingizi. Ukumbi wenyewe alipewa ule uliokuwa stoo ya viti vibovu, na viti akavitoa kwa mikono yake. Leo mtoto wa mwaka wa pili anajipangia mitaa kama vile programu ni ya baba yake.

"Mtaa ule naujua kuliko wewe," alisema. "Nyumba za pale ni za matofali, zina dari, zina madirisha ya maana. Ndiyo maana niliuacha. Bondeni wazee wako hawajapimwa siku nne, wewe unakwenda kunywa chai kwa wenye nacho! Vua kitambulisho. Programu kwako basi."

Kiherehere alikivua, akakiweka mezani. Lakini hakutoka.

"Bibi hakai kwenye nyumba, Madam. Nyumba kaipangisha. Yeye yupo uani, kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa cha kuku."

Mratibu alikiinua kitambulisho, akakirudisha mezani.

"Nilikuwa napita tu," binti aliendelea. Na yeye alikuwa amekasirika. "Nikamwona kaegemea ukuta, anahema kwa mdomo. Jana mchana mle ndani ilifika nyuzi arobaini na tatu. Miguu imevimba, na leo ameanza kuchanganya maneno. Akilala tena mle siku moja, tutamtoa akiwa ndani ya sanduku. Nimembembeleza aje ukumbini, hataki. Anasema mwanawe akija asipomkuta atahangaika."

"Kumbe ana mtoto?"

"Anaye. Hapahapa mjini."

Hasira ya Mratibu ikabadili njia. Kiherehere aliiona ikimpita yeye na kwenda kumtafuta mtu mwingine.

"Hapahapa mjini, na mama yake analala bandani?"

"Hajui. Bibi alihamia uani ili kodi ya nyumba ilipe deni la masomo ya huyo mwanawe. Akipigiwa simu anajibu yuko salama, anakula vizuri. Na mwenyewe hajaja kumwona miaka miwili sasa, eti kazi zimembana."

"Usinitetee mjinga hapa!" Mratibu alipiga meza, chupa ya maji ikaanguka. "Hajui? Mtu mzima hajui mama yake mzazi analala wapi? Kazi gani hiyo, anashikilia jua lisidondoke? Nawafahamu mimi hawa wanaume! Kutwa kwenye vikao, shati limepigwa pasi, mdomoni asali, na mama yake anakaangwa kwenye bati kama samaki. Halafu siku ya msiba ndiye atakayelia kuliko wote."

Wanafunzi wawili wa mbele waliinamisha vichwa, kila mmoja akijiuliza lini mara ya mwisho alipiga simu nyumbani.

"Bila mwanawe hatoki kabisa?"

"Kabisa. Lakini anasema mwanawe akitamka neno moja tu, atatoka."

"Basi atalitamka leo. Namba yake unayo?"

"Imeandikwa ukutani kwa mkaa. Bibi alinikataza nisipige, alisema mwanawe ana kazi kubwa, asisumbuliwe. Alipopitiwa na usingizi nikainakili kiganjani. Simu yangu imezimika, ndiyo maana nimekuja mbio."

"Asisumbuliwe!" Mratibu alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. Akanyakua kalamu, akageukia ubao. "Haya, wote toeni simu. Tutampigia mmoja baada ya mwingine, darasa zima, mpaka aijutie siku aliyozaliwa. Soma!"

Kiherehere alikunjua kiganja, akaanza kusoma tarakimu mojamoja. Mratibu aliziandika kubwakubwa, kwa nguvu, kalamu ikilia ubaoni. Nyuma yake vidole vilibonyeza simu. Walipofika katikati kalamu ikaacha kulia, na waliokaa mbele wakadhani wino umekwisha. Binti akaendelea kusoma. Mkono ukaandika polepole.

Kisha Kiherehere akakisogeza kiganja karibu na macho.

"Tatu za mwisho sizioni, Madam. Jasho limezifuta. Nikimbie kwa bibi nikaziangalie?"

Mratibu hakugeuka. Aliinua kalamu, akaziandika zote tatu, kama alivyoziandika chini ya jina lake kwenye kila karatasi ya maombi.