Vikombe vya Kuazima

Mkaguzi wa unga wa msaada aliketi juu ya zulia jekundu, akapokea chai ya maziwa katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kufuta jina la yeyote asiye maskini.

"Kumbe mambo yako si mabaya, Bi Kidawa," alisema, akifungua kalamu.

Tangu alfajiri Kidawa alikuwa akibisha milango ya majirani: zulia kwa Mama Tunu, vikombe kwa mke wa fundi cherehani, maziwa kwa muuza mbuzi. Mtaani kwao mgeni hakaribishwi kwa maji matupu. Hakuwaza kwamba huyu amekuja kutafuta maji matupu.

"Si vyangu, baba. Nimeviazima kwa heshima yako."

Mkaguzi alicheka. "Nyumba zote nimeambiwa hivyohivyo. Basi mwenyewe ni nani, mtaa mzima?"

Nyuma ya pazia mtoto alikohoa, mwenzake akamziba mdomo. Hawakuwa wamekula tangu jana.

Kalamu ilifika kwenye jina la Kidawa katika orodha, ikasita. Mkaguzi akaiweka chini, akainua kikombe kwa mkono uleule, akapuliza, akanywa hadi tone la mwisho.

"Ongeza, baba," Kidawa aliwahi kusema kabla mkono haujarudi kwenye kalamu.

"Haya, kidogo tu."

Akamimina hadi ukingoni. Alipokunywa, akamimina tena. Chupa ya chai ilizidi kuwa nyepesi mkononi mwake.