Unyayo wa Hawisa

"Mpaka wako ndio huu, bibi," msimamizi wa mashamba ya kabaila alisema, akiligonga jiwe kwa fimbo. "Au jiwe nalo linadanganya?"

Majirani walicheka kwa woga. Hawisa aliona jiwe limesogezwa, nusu ya shayiri yake imemezwa.

Akavua viatu, akafumba macho, akatembea akiutafuta mpaka wa zamani kwa nyayo. Udongo wa mfinyanzi ulimnata vidoleni, mzito na baridi. Ghafla unyayo ukakanyaga changarawe. Akasimama.

"Hapa ndipo baba aliponigongesha kichwa jiweni nikiwa na miaka sita, nisije nikasahau mpaka wetu. Chimbeni!"

Pigo la tatu la jembe likafukua mkaa, ule ambao wazee huuzika chini ya kila jiwe la mpaka.

"Haya, bwana," Hawisa alisema, akimpisha msimamizi. "Libebe jiwe lako. Ni hatua kumi tu."