Sahani ya Tatu

Mwalimu aliandika ubaoni: "Mama huandaa sahani tatu, kisha hurudisha moja kabatini."

"Haya, nisomeeni kisichoandikwa."

"Kuna mtu amekufa!" akadakia mmoja.

"Acha uchuro, wewe!" akasema msichana wa dirishani. "Ni 'huandaa', siyo 'aliandaa'. Kila siku anasahau. Huyo mtu kaondoka tu, na mama bado anamngoja."

Mwalimu akaitazama ile "hu" ya chaki. Alikusudia kuandika "aliandaa", mkono ukamsaliti. Binti yake alifunga virago kwa hasira, na tangu hapo hajapiga hata simu.

"Mwalimu, atarudi?"

"Sentensi inasemaje?"

"Haisemi."

"Basi isomeni tena," akasema, bado kawapa mgongo. "Polepole."